Daktari Akisema "Una Nafasi Nzuri": Namna ya Kupima Uwezekano wa Kupona Kabla ya Kukubali Matibabu

Wasomaji wengi wa Nairobi huniandikia wakati kamati ya harambee imeshaundwa, namba ya paybill imeshasambazwa kwa jamaa, na pengine shamba la nyumbani limeshapata mnunuzi. Ndipo mtu anauliza: "Hivi haya matibabu yatafaulu?" Nikiuliza daktari alisema nini, naambiwa alisema kuna nafasi nzuri. Au alisema asilimia 80. Asilimia 80 ya nini? Hapo wote wananyamaza.

Namba inayotolewa hospitalini ni jibu la swali fulani, na usipolijua swali lenyewe, namba hiyo haikusaidii. Ni sawa na kuambiwa nauli ni shilingi 80 bila kujua matatu inaishia wapi. Hatua zilizo hapa chini ni za kulitafuta swali hilo, kisha kuitumia namba kuamua.

Onyo kabla hujaanza: mwongozo huu si wa dharura. Mtu aliyepooza upande mmoja ghafla, anayevuja damu, aliyebanwa na kifua, au mjamzito aliyeshikwa na degedege apelekwe hospitali sasa hivi. Huko dakika ndizo zinazookoa.

## Vitu vya kuwa navyo

- Jina kamili la ugonjwa na hatua uliyofikia, kama lilivyoandikwa kwenye ripoti ya maabara. "Uvimbe tumboni" si jina la ugonjwa.
- Nakala za ripoti zote, pamoja na picha za CT skani au MRI kwenye CD. Ulizilipia, kwa hiyo usiondoke hospitalini bila hizo nakala.
- Orodha ya dawa unazotumia na magonjwa mengine uliyo nayo: presha, kisukari, pumu, figo.
- Daftari na kalamu. Simu ya kurekodi mazungumzo pia inafaa, ila mwombe daktari ruhusa kwanza.
- Mtu mmoja wa kukusindikiza, asiyeogopa kuuliza na asiyelia kabla yako.
- Karatasi tupu ambayo umechora viduara 100, mistari 10 ya viduara 10. Usiidharau karatasi hii, maana ndiyo chombo chenyewe cha kazi.

## Hatua ya 1: Uliza una muda gani wa kuamua

Hili liwe swali la kwanza: "Daktari, nikichukua wiki mbili kufikiria, nitakuwa nimepoteza nini?"

Hofu humfanya mtu akubali lolote analoambiwa siku ileile. Magonjwa mengi sugu na saratani nyingi huruhusu siku kadhaa, hata wiki chache, za kufikiri. Mengine hayaruhusu, kama saratani ya damu inayokwenda kasi, na daktari mwema atakwambia hivyo waziwazi na kukueleza sababu.

Yako pia magonjwa ambayo hesabu yake huisha haraka. Homa ya ini aina ya C, kwa mfano, hutibiwa kwa vidonge vya miezi michache vinavyoponya zaidi ya watu 95 kati ya 100. Kwa kifua kikuu cha kawaida, wanaomeza dawa zote za miezi sita hupona wengi mno. Ukipewa matibabu ya namna hiyo, anza. Nguvu ya kuhesabu ihifadhi kwa maamuzi magumu.

Utajua umefaulu ukitoka na tarehe: "Tuamue kabla ya tarehe fulani."

## Hatua ya 2: Hakikisha ugonjwa ndio wenyewe

Uwezekano wote unaotajwa umesimama juu ya jina la ugonjwa. Jina likiwa na kosa, hata namba sahihi itakupoteza.

Kwa saratani, uliza kama kipande cha nyama kilichukuliwa na kupimwa, yaani biopsi, na kama aina ya saratani na hatua yake vimeandikwa. Maabara huhifadhi vipande hivyo, na unaweza kuomba visomwe na mtaalamu wa maabara nyingine kabla ya upasuaji mkubwa au kemo. Gharama ya kusomewa mara ya pili ni ndogo ukiilinganisha na kutibiwa ugonjwa usio wako.

## Hatua ya 3: Geuza maneno kuwa watu mia moja

Ukisahau mengine yote, kumbuka hatua hii. Mweleze daktari hivi, kwa utulivu:

"Daktari, tuchukue watu mia moja wa umri wangu, wenye ugonjwa huu katika hatua hii, na magonjwa mengine niliyo nayo. Wote wakipata matibabu haya, baada ya miaka mitano wangapi watakuwa hai? Wangapi watakuwa wameponywa kabisa? Wangapi watakuwa wameumizwa na matibabu yenyewe?"

Usione haya. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mhudumu akueleze hali yako, njia za matibabu zilizopo, faida, hatari na gharama zake, kwa lugha unayoielewa. Ukitaka Kiswahili, sema. Ukitaka Kikamba au Kijaluo na yupo muuguzi anayekijua, omba msaada wake.

Jibu likija, lipitishe kwenye maswali manne.

Kufaulu kufanya nini? "Kufaulu" huweza kumaanisha uvimbe kupungua kwenye picha, maumivu kutulia, kuishi muda mrefu zaidi, au kupona kabisa. Uvimbe unaweza kusinyaa na mtu asiongezewe maisha hata kidogo. Kuna pia matibabu ambayo lengo lake tangu mwanzo ni kupunguza mateso, na familia nzima ikafikiri ni ya kuponya. Uliza moja kwa moja: "Lengo ni kuponya au kutuliza?" Swali hili linauma, lakini nimeona familia nyingi zikichanga mamilioni kwa kuwa hakuna aliyethubutu kuliuliza.

Kwa muda gani? Kuwa hai baada ya mwaka mmoja na kuwa hai baada ya miaka 10 ni mambo mawili tofauti.

Kati ya nani? Angalia walioanza kuhesabiwa ni akina nani. Mfano mzuri ni IVF, yaani kutungisha mimba maabara kisha kiinitete kuwekwa tumboni, ambayo wanandoa wengi jijini wanaifikiria. Kliniki moja inaweza kuhesabu vipimo vya mimba vilivyotoka chanya, nyingine mimba zilizoonekana kwenye picha, nyingine watoto waliozaliwa hai. Moja inahesabu kila mwanamke aliyeanza sindano, nyingine ni wale tu waliofika hatua ya kuwekewa kiinitete, na walioishia njiani wameachwa nje. Kliniki hizo zinaweza kuwa na matokeo yaleyale na kutangaza namba zilizoachana mbali. Namba unayoitaka ni hii: kati ya wanawake 100 wa umri wangu walioanza, wangapi walirudi nyumbani na mtoto?

Umri hapo ni mzito. Takwimu za Uingereza, ambako kliniki zote hutoa hesabu zao kwa msimamizi wa serikali, zinaonyesha kuwa kwa wanawake chini ya miaka 35 wanaotumia mayai yao wenyewe, takribani thuluthi moja ya viinitete vinavyowekwa huzaa mtoto. Kwa wenye miaka 43 na 44 ni kama 5 kati ya 100. Mwanamke wa miaka 43 aliyeambiwa "kliniki yetu ina asilimia 40" hajadanganywa kwa kila hali, lakini hajaambiwa habari zake.

Ukilinganisha na nini? Hili lina hatua yake peke yake.

Onyo: anayekuahidi asilimia 100, awe na koti jeupe au chupa ya mitishamba, ondoka kwake. Hakuna tiba ya ugonjwa mzito yenye namba hiyo.

Utajua umefaulu ukiweza kupaka rangi kwenye viduara: hawa watapona, hawa hapana, hawa wataumizwa.

## Hatua ya 4: Uliza itakuwaje usipofanya lolote

Au ukisubiri huku unafuatiliwa, au ukichagua njia nyepesi zaidi. Watu huiruka hatua hii kwa sababu kutofanya kitu kunaonekana kama kukata tamaa.

Utafiti mmoja mkubwa wa Uingereza uliwafuatilia wanaume 1,643 wenye saratani ya tezi dume ambayo haijaenea. Waligawanywa kwa bahati nasibu: wengine wakafuatiliwa tu kwa vipimo, wengine wakapasuliwa, wengine wakapigwa mionzi. Baada ya kama miaka 15, waliokuwa wamekufa kwa saratani hiyo walikuwa takribani 3 kati ya 100, na makundi yote matatu yalikaribiana sana. Waliofuatiliwa tu walipata zaidi kuenea kwa ugonjwa. Waliopasuliwa walisumbuka zaidi na mkojo usiozuilika na nguvu za kiume kupotea. Mwanamume anayeyajua haya anaamua kwa utulivu.

Mfano mwingine ni goti. Mwaka 2002, madaktari wa Houston, Marekani, walitoa matokeo ya wagonjwa 180 wenye magoti yaliyochakaa. Baadhi walisafishwa goti kwa kamera, baadhi walichanwa ngozi tu na kushonwa bila goti kuguswa. Kwa miaka miwili, waliosafishwa goti hawakupata nafuu kuliko waliochanwa ngozi tu. Usichanganye upasuaji huo na ule wa kubadilisha goti zima, ambao ni jambo lingine kabisa.

Kwa hiyo uliza: "Katika wale mia moja, wangapi wangefika palepale bila matibabu haya?"

## Hatua ya 5: Zikatae nusu na thuluthi, dai hesabu kamili

"Dawa hii inapunguza hatari kwa asilimia 30." Inasikika kubwa. Tuifungue kwa namba za mfano.

Tuseme kati ya watu 100 waliopasuliwa tu, ugonjwa huwarudia 10. Wakiongezewa dawa, huwarudia 7. Kutoka 10 hadi 7 ni pungufu la asilimia 30, ni kweli. Sasa chukua karatasi yako. Viduara 90 ni watu ambao ugonjwa usingewarudia hata bila dawa. Viduara 7 ni watu ambao utawarudia hata wakiitumia. Viduara 3 ndivyo vilivyosaidiwa. Watu mia wanameza dawa na kubeba madhara yake ili watatu wafaidike.

Inawezekana watatu hao wakatosha kukufanya ukubali. Mama wa miaka 38 mwenye watoto wadogo anaweza kusema nipeni hata nafasi ya mtu mmoja. Mzee wa miaka 82 anaweza kusema hapana. Wote wawili wako sawa, mradi wameviona viduara.

Geuza pia upande wa sentensi. "Tisini kati ya mia huishi" na "kumi kati ya mia hufa" ni namba ileile, lakini utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1982 ulionyesha kuwa hata madaktari huchagua tofauti kutegemea ilivyosemwa. Ukiambiwa kwa upande mmoja, irudie kwa sauti kwa upande wa pili, kisha sikiliza moyo wako unasemaje.

## Hatua ya 6: Je, watu hao wanafanana nawe?

Rudi kwa wale wanaume 1,643. Wengi walikuwa Wazungu waliogunduliwa mapema kwa kipimo cha damu cha PSA. Mzee anayefika hospitali ya Kenyatta akiwa tayari na maumivu ya mgongo hayumo katika kundi lile, na namba zile si zake. Mwulize daktari: "Hizi namba zimetoka wapi, na kwa wagonjwa wa hapa unaona nini?"

Kwa upasuaji, ongeza maswali mawili: "Wewe mwenyewe umefanya upasuaji huu kwa wagonjwa wangapi mwaka uliopita? Wangapi walipata matatizo?" Kwa upasuaji mgumu, mkono uliozoea na timu iliyozoea huleta tofauti ya kweli. Daktari bingwa anayejiamini hakasiriki kuulizwa hivyo. Usajili wake unaweza kuuangalia mwenyewe kwenye tovuti ya baraza la madaktari, KMPDC.

Halafu kuna "wastani". Ukiambiwa "wastani ni miezi minane", mara nyingi maana yake ni kwamba nusu ya wagonjwa walikuwa wamefariki kufikia mwezi wa nane. Nusu nyingine waliuvuka, na baadhi yao waliuvuka mbali. Mwanasayansi wa Marekani, Stephen Jay Gould, aligunduliwa saratani yenye wastani huo wa miezi minane mwaka 1982. Alikuwa kijana, ugonjwa ukiwa umegunduliwa mapema, na alipata matibabu bora. Aliishi miaka 20, akafa kwa saratani nyingine. Simwahidi mtu miaka 20. Ninachosema ni uulize: "Waliovuka wastani walikuwa watu wa namna gani, na mimi nina kipi kati ya walivyokuwa navyo?"

## Hatua ya 7: Hesabu pesa na barabara kama sehemu ya uwezekano

Hii haimo katika vitabu vingi vya ng'ambo, na hapa kwetu ndiyo inayoamua.

Namba za matibabu hutoka kwa watu waliofuatwa kwa karibu, na wengi wao walimaliza. Kemo ya mizunguko sita inayokatizwa kwenye wa tatu kwa sababu pesa zimeisha haikupi nusu ya faida. Huenda ukapata madhara yote na faida kidogo sana. Mionzi inayotaka kuhudhuria kila siku kwa wiki kadhaa ni mzigo kwa mtu anayetoka Kitengela au Juja akitapika ndani ya matatu.

Kwa hiyo andika: gharama ya safari nzima ya matibabu, si ya mzunguko wa kwanza tu. Weka vipimo, kulazwa, damu, nauli, chakula, na siku za kazi zitakazopotea kwako na kwa anayekuuguza. Nenda kwenye dawati la hospitali hiyo la SHA, bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF tangu Oktoba 2024, uulize wanagharamia kiasi gani kwa ugonjwa wako na kikiisha inakuwaje. Omba jibu kwa maandishi. Kama una bima ya kazini, uliza swali hilohilo.

Je, India? Uliza kwanza daktari wa hapa: "Kuna tiba gani kule ambayo hapa Nairobi haipo, na inaongeza watu wangapi kati ya mia?" Wakati mwingine jibu ni zito, kwa mfano upandikizaji fulani. Wakati mwingine tiba ni ileile inayopatikana Kenyatta, hospitali ya Chuo Kikuu cha Kenyatta au hospitali za binafsi za Parklands na Upper Hill, na kinachoongezeka ni tiketi na upweke.

Onyo kwa kamati ya harambee: msifungue paybill kabla mgonjwa hajaulizwa. Nimeona kamati zenye mwenyekiti, mweka hazina na bajeti, na mgonjwa mwenyewe amelala chumba cha pili hajui anakopelekwa. Mwili ni wake. Baba mkubwa, wajomba na mashangazi wana haki ya kushauri, lakini saini ya fomu ya idhini ni ya mgonjwa mwenye akili timamu. Aulizwe kwanza, akiwa peke yake, anataka nini: miaka, miezi isiyo na maumivu, kufika arusi ya bintiye, au kurudi nyumbani kijijini. Jibu lake ndilo linaloipa maana ile karatasi ya viduara.

## Hatua ya 8: Daktari wa pili

Ni haki yako, na Mkataba wa Haki za Wagonjwa wa Wizara ya Afya wa mwaka 2013 unaitaja. Mwambie daktari wa kwanza kwa heshima: "Daktari, nakushukuru. Kwa kuwa uamuzi ni mzito, naomba nakala za ripoti nimwone na mwenzako."

Chagua asiyefaidika na jibu. Ukiwa umependekezewa upasuaji na daktari mpasuaji, mwone pia wa dawa au wa mionzi. Hospitali kubwa za jijini zinazotibu saratani huwa na vikao ambapo madaktari wa fani tofauti hujadili mgonjwa mmoja. Uliza kama kesi yako inaweza kupelekwa huko. Mpe wa pili ripoti, lakini usimwambie wa kwanza alisema nini mpaka amalize kusema.

Wakikubaliana, songa mbele. Wakitofautiana, usichague aliyekupa namba tamu. Muulize kila mmoja: "Mwenzako anaona hivi, ni kitu gani kwenye ripoti kinachokufanya uone tofauti?"

## Hatua ya 9: Andika uamuzi pamoja na mahali pa kusimama

Kwenye ukurasa mmoja wa daftari andika: tiba niliyochagua, lengo lake, wangapi kati ya mia hufaidika, wangapi huumizwa, na kwa nini nimekubali au nimekataa.

Kisha andika, pamoja na daktari, kipimo cha kuangalia na tarehe yake. "Baada ya mizunguko miwili tutapiga picha. Uvimbe ukiwa umekua, tunasimamisha na kubadilisha mpango." Bila mstari huu, matibabu yasiyofanya kazi huendelea kwa sababu hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kusema yasimame. Huduma ya kutuliza maumivu iombe tangu siku ya kwanza, iwe unatafuta kupona au la. Inaweza kwenda sambamba na tiba nyingine yoyote.

Piga picha ukurasa huo, umtumie yule anayekusindikiza. Kila siku ya kliniki uende nao ndani ya faili, juu ya ripoti zote, na umwombe daktari wa zamu ausome kabla hajaandika dawa nyingine.